Imepokelewa

Mimi ni karani wa serikali ya kijiji, Ak-Terek,
huku juu kabisa, milima ya Kirgizia,
ambako Aprili bado ina meno
na wino usipokaa karibu na jiko huganda.
Miaka kumi na tisa nagonga muhuri.
Barua inaingia, nagonga: IMEPOKELEWA.
Kisha droo.
Droo ile ina tumbo la ng'ombe,
ila yenyewe humeza tu, haicheui.

Msinihukumu upesi.
Niliajiriwa kupokea. Kujibu hakukuwamo kwenye mkataba.

Ndipo akaja Cholponai, na asasi yake
ya watu watatu na gari moja linalokohoa.
Tulidhani kaleta fedha.
"Hata ya mafuta ya kurudia sina," akasema,
"nimeleta viti."
Viti arobaini vya plastiki,
akavipanga duara katika ukumbi wa shule.
Mkuu wetu, Turdakun, alizunguka mara mbili
akitafuta mahali pa mbele.
Duara halina mbele.
Akaketi kando ya mchunga kondoo,
kofia yake magotini, kama mgeni wa posa.

Cholponai aliniomba nifungue droo.
Barua kumi na nne, mwandiko mmoja:
Sonunbubu, mfuma soksi wa ng'ambo ya mto.
Ya kwanza ina salamu nusu ukurasa,
afya ya mkuu, afya ya mifugo ya mkuu,
kisha, kwa haya, daraja la miguu lililochukuliwa na maji.
Ya saba ina mwanakondoo aliyezama.
Ya tisa ina mjukuu aliyevuka juu ya barafu
akarudi na kiatu kimoja.
Ya kumi na nne ina neno moja, "Daraja,"
na sahihi.

"Zisome," akaniambia, "wewe uliyezipokea."
Nikazisoma. Sauti yangu sikuijua.
Sonunbubu hakuinua kichwa,
sindano zake ziliendelea, tik, tik,
kama mtu anayehesabu.

Penye wengi pana mengi,
na siku ile mengi yalikuwa matusi.
Turdakun akasimama: "Mnadhani hazina ni chemchemi?"
Cholponai akampa chaki.
Basi akaandika, kwa mkono uliotetemeka kidogo,
kinachoingia, kinachotoka,
na kilichobaki chini ya mstari:
bei ya farasi wawili, nao si wa mbio.
Hatukuwahi kuuona umaskini wa mkuu wetu.
Mtu mmoja akauliza mstari wa sita ni nini.
Rangi ya uzio wa ofisi,
kwa ajili ya mgeni wa mkoa
aliyeahirisha kuja mara tatu.

Kimya.
Kisha: "Mimi nina mipopla minne ya kukata."
"Mimi nina trekta. Haina dizeli."
"Dizeli imo, mstari wa kumi na moja,"
akasema mtu, na mtu huyo alikuwa mimi.

Msidhani tulikumbatiana.
Mifuko mitano ya saruji ilipotea, ikaonekana mitatu.
Ukoo wa chini ulisusa wiki mbili
kwa sababu ukoo wa juu ulipewa ufunguo wa ghala.
Kila mara tulimwendea Cholponai atuamulie.
"Septemba naondoka," alijibu. "Gombaneni vizuri."

Daraja lipo. Limeinama kushoto kidogo,
kama mtu anayesikiliza.
Uzio wetu unabambuka vilevile.
Viti vimebaki; kimoja kimevunjika mguu,
tunamkalisha hapo anayependa hotuba ndefu.

Juzi Sonunbubu amevuka kwa miguu yake mwenyewe
na barua ya kumi na tano:
kingo za daraja ni fupi kwa mtoto.
Nikashika muhuri, mkono ukabaki hewani.
Siku hizi chini ya IMEPOKELEWA
pana mstari mtupu: atakayejibu, na lini.
Nikaandika jina langu.
Nikaandika Ijumaa.

Leo ni Alhamisi.